Nyumba za Isengwa Zapanda Kilimani

Semina ya ustahimilivu wa majanga ilifanyika nje, katikati ya nyumba, kwa sababu ofisi ya kijiji cha Isengwa ilikuwa imejaa magunia ya pamba. Mwezeshaji wa mradi, Tumsifu, alikuwa ametoka Bariadi mjini kwa pikipiki, chati zake zimeviringishwa mgongoni. Kwao ni Moshi, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu, lakini alifundisha kwa moyo. Alisema mvua zimebadilika tabia: zikikosa zinakosa kabisa, zikija zinakuja zote. Maji yaliyobeba mbuzi wa Masunga mwaka jana yatarudi. Dawa ni moja, mvua zikianza watu wahamie juu.

"Juu wapi, baba?" aliuliza Milembe, mjane aliyekuwa ameketi mbele.

Tumsifu akanyoosha kidole kwenye kilima. Kilikuwa kimoja tu. Mwenyekiti wa kijiji, Januarius, akakohoa. Akakumbusha kwamba kile kilima ni ngitili ya kijiji, nyasi zake zimefungiwa zipumzike, hakuna kuingiza ng'ombe wala mtu. Kisha akatangaza kwamba pilau liko tayari.

Watu walikula, wakashukuru, wakasahau. Nyumba hazikula, kwa hiyo zilikumbuka.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Novemba, mchana. Milembe alikuwa ndani akisonga ugali nyumba yake iliposimama. Ilichomoa pembe zake nne ardhini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechomoa miguu kwenye tope la mbugani. Miguu yake ilikuwa mifupi na minene, ya rangi ya udongo. Ilijinyoosha, ikatikisa paa, ikaanza kutembea pamoja na sakafu yake. Milembe akashika sufuria kwa mkono mmoja na nguzo kwa mwingine.

Masunga, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amejikinga chini ya upenu wa nyumba yake mwenyewe.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Sijui. Nadhani kilimani."

"Na mvua yote hii?"

"Si ndiyo sababu yenyewe."

Masunga alitaka kubisha, lakini upenu ukamtoka kichwani. Nyumba yake nayo ilikuwa imeanza safari, ikienda kinyumenyume, kwa kuwa ilikuwa na ubishi kama mwenyewe. Ikabidi aikimbilie na kudandia mlangoni.

Nyumba zote za udongo za Isengwa zilipanda kwa mstari, bila kusukumana. Kuku walifuata. Vyoo vilichelewa. Cha Milembe kilifika jioni peke yake, kikitembea ubavuubavu, kwa kuwa hakikuwa na mlango.

Kesho yake maji yakaja, mapana na ya kahawia, yakapita pale pale kijiji kilipokuwa, yakakuta mashimo tu. Hakufa mtu, hakufa hata mbuzi. Nyumba moja tu ilibaki bondeni, ya Januarius, iliyojengwa kwa tofali za kuchoma, zege na nondo. Watu wakiwa kilimani waliiona ikijikamua iinuke, mabati yakitetemeka, ikashindwa. Januarius akapanda kilima amelowa hadi kifuani, akabisha hodi kwa Milembe na kumsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Karibu, Mwenyekiti. Sogea motoni."

Milembe alimpa shuka kavu na bakuli la michembe. Januarius akavila viazi vile vikavu taratibu, akafuta mdomo, kisha akasema kwa upole, "Hapa mmevamia. Mnajua?"

Tangu ifike, nyumba ya Milembe ilikuwa ikijigeuzageuza kama mtu aliyekalia mwiba. Asubuhi alikuwa ameinama chini ya kitanda na kukuta kitu kimetoboa sakafu: bikoni ya mpimaji wa ardhi, ya zege, imechorwa herufi J.

"Ngitili ya kijiji ina bikoni siku hizi?" aliuliza.

"Kilima ni changu. Kilipitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji."

"Mkutano upi?"

"Wa siku ile ya mafuriko ya mwaka jana. Hamkuja."

"Tulikuwa juu ya miti."

"Akidi ilitimia," alisema Januarius, akanyoosha bakuli aongezewe.

Milembe alimwongezea, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Lakini mkono wake ulikuwa mzito. Alikuwa amekumbuka ukame wa mwaka juzi, na ng'ombe wake wawili waliokufa wakikitazama kilima kile kwa mbali. Walipojikokota kwenda kwenye nyasi, ni yeye aliyewarudisha kwa fimbo, kwa sababu ngitili ni ya wote.

Maji yalipopungua, Tumsifu alipanda na pikipiki yake. Alizipiga picha nyumba kutoka pande zote, akafurahi mno. Alikuwa amekuja na vyeti vya semina, na baada ya kufikiri akaona haki ni kuvitoa kwa waliotekeleza. Kila nyumba ikapigiliwa cheti chake kando ya mlango. Ya Masunga ilikataa kugeuka, ikapigiliwa chake mgongoni.

"Baba, hiki kilima kimechukuliwa," Milembe alimwambia, akimwingiza ndani na kumwonyesha chini ya kitanda. "Tutarudishwa bondeni."

Tumsifu akatazama bikoni, akatazama viatu vyake.

"Mayu, mradi wetu hauhusiki na ardhi."

"Unahusika na nini?"

"Na ustahimilivu."

"Basi huo tunao," alisema Milembe. Tumsifu akaona ni maneno mazuri, akaomba ruhusa ya kuyatumia.

Mvua zilipokatika, Januarius alikuja na mgambo na kuwataka washuke. Masunga alibisha hadi sauti ikamkauka. Mwisho Milembe akaupigapiga ukuta wake kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza ng'ombe kabla ya kumkamua, akasema, "Twende." Nyumba ikashuka, na nyingine zikaifuata, kila moja ikatafuta shimo lake bondeni na kuketi.

Mwaka uliofuata kilima kilizungushiwa uzio wa waya, na juu yake ikajengwa nyumba ya wageni yenye ukumbi. Semina ya ustahimilivu ilifanyika humo. Tumsifu alifundisha vizuri kuliko mara ya kwanza, na pilau lilikuwa na nyama nyingi zaidi.

Novemba nyumba zikapanda tena. Zilikuwa na uwezo wa kuuruka uzio, lakini zilikuwa nyumba zenye adabu. Zilifika kwenye waya, zikasimama nje yake, kwenye mteremko mkali, zikitazama taa za ukumbi. Mlinzi wa nyumba ya wageni aliwasalimia wenye nyumba kwa majina, akawaomba wasianike nguo kwenye waya.

Milembe alijilaza kitandani mchana ule, mvua ikipiga bati. Kitanda hakikuinama hata kidogo, naye akashangaa, akatoka kwenda kuchungulia chini. Akakuta nyumba imekunja magoti ya upande wa juu na kunyoosha miguu ya upande wa chini, ili mwenyewe alale sawa. Magoti yalikuwa yakitetemeka.

Akarudi ndani, akaondoa vyombo rafuni, akavifunga ndani ya shuka.

"Pumzika," akaiambia. "Mimi nitakaa chini."

Nyumba ikalegeza magoti, ikainama. Milembe akateleza taratibu hadi kwenye kona ya chini, na kuku wake wakateleza naye, wakatulia huko pamoja wakisikiliza mvua.