Ukuta wa Baba Ndani ya Maji

Baba hajui kukaa. Tangu aanguke kutoka jukwaa la ujenzi na mkono wake wa kulia kuisha nguvu, anazunguka sebuleni kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Anakaa, anainuka, anachungulia dirishani, anafungua mlango, anaufunga, kisha anagonga ukuta kwa kidole asikilize kama aliyeujenga hakuiba saruji.

Mama ana cherehani yake kwenye kona ya sebule hiyohiyo. Mimi hukaa kwenye mkeka kando yake, natia vifungo na kukunja pindo. "Mzee, tulia basi," Mama humwambia, "unanipotezea mshono."

"Nimetulia," anajibu Baba, huku ameshafika mlangoni.

Ndiyo maana shemeji yangu, mume wa dada, alipotuletea tangi la samaki, wote tulishukuru. Shemeji ni nyapara wa ujenzi, na kabla ya ule mwanguko ndiye aliyekuwa akimpangia Baba kazi. Kuna nyumba walikuwa wanaibomoa, mwenyewe kahama kaliacha tangi na samaki wake ndani. Lilikuwa la vioo pande zote, refu kama benchi. Samaki walikuja kwenye ndoo: wadogo, ndugu zake perege, lakini wamevaa rangi kama wanakwenda harusini.

"Hawa kwao ni ziwani, kwenye miamba," Shemeji alisema. "Bila mawe wanauana. Sasa Baba, si wewe fundi mwashi? Wapangie."

"Nikipanga vizuri?"

"Ukipanga vizuri, tutaongea habari za kurudi jukwaani." Alisema huku anacheka, vile mtu anavyomchangamsha mkwe wake. Baba hakucheka. Nilimwona akikunja vidole vya mkono wa kulia, akivikunjua, akivikunja tena, nikajua ameshachukulia kuwa huo ni mtihani.

Nami mkono ule naujua. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati asubuhi. Akipewa kikombe hukipokea kwa mikono miwili, wageni wakadhani ni adabu, kumbe wa kushoto unaubeba wa kulia. Nikamwona akilini yuko orofa ya tatu, amesimama juu ya ubao, ameshika tofali kwa mkono ule. Usiku huo na siku zilizofuata sikulala vizuri.

Baba akaanza kazi. Alileta mawe, akayasugua, akayachemsha kwenye sufuria kuukuu mpaka Mama akauliza yataiva lini. Alimwaga mchanga, akausawazisha, akaweka pima maji juu yake, akafumba jicho moja. Kisha akainua ukuta, jiwe juu ya jiwe, viungio vimepishana, hakuna pa kupitisha hata kucha. Kila siku aliubomoa na kuuanza upya kwa sababu kuna jiwe moja lilikuwa linamkera. Siku alipomaliza, tukajaza maji, tukatia samaki.

Ulikuwa ukuta mzuri kweli. Tatizo ni kwamba samaki hawakuwa na pa kuingia. Walikwenda kushoto, wakarudi kulia, wakasimama mbele ya mawe kama watu waliokuta benki imefungwa.

"Umewajengea gereza," Mama alisema.

"Gereza lina milango. Waache wazoee."

Mmoja alizoea upesi. Dume la buluu, lenye mistari myeusi, likajitwalia kona nzima na kumfukuza kila aliyesogea. Baba akamwita Nyapara, kwa sababu anashinda anatembeatembea, habebi kitu, na anasumbua walio kazini. Jina hilo tulikubaliana Shemeji asilisikie.

Aliyeniuma moyo ni jike mmoja wa kijivu. Kidevu chake kilivimba, na chakula kikimwagwa wenzake wanagombania, yeye anageuza uso. Nilidhani anaumwa. Nikamtazama siku nzima huku natia vifungo, nikaona anatafunatafuna bila kumeza. Ana mayai mdomoni! Ndivyo wanavyolea, hawafungui kinywa mpaka watoto wawe tayari. Nikamwita Mama Kimya. Nyapara hakumpa nafasi ya kupumua. Alimkimbiza huku na huku, mapezi ya mkia yakaanza kuchanika, na ukuta wa Baba haukuwa na ufa hata mmoja wa kumficha.

Kisha nikaona jambo jingine. Nyapara alikuwa anachimba. Anajaza mchanga mdomoni chini ya jiwe la kona, anautema pembeni, anarudi. Hana haraka, wala hachoki. Kesho yake shimo lilikuwa limefika nyuma ya jiwe.

Nikaacha sindano. Baba alikuwa ameweka ukuta wake juu ya mchanga. Shemeji alikuwa ameahidi kuja kuukagua mwisho wa wiki. Nikinyamaza, jiwe la kona litazama, ukuta utaanguka wenyewe, na hakutakuwa na habari za jukwaa tena. Wala sitakuwa nimesema neno. Nilikaa na wazo hilo asubuhi nzima, nikajichoma kidole mara mbili, nikashona kifungo upande usio wake.

"Leo wewe nawe una nini?" Mama aliniuliza. "Mmeambukizana na baba yako?"

Nilipotazama tena tangini, Mama Kimya alikuwa ameingia shimoni. Ndipo pahali pekee alipopata, chini kabisa ya lile jiwe, na mdomo wake umejaa.

"Baba," nikasema, "njoo uone."

Alikuwa mlangoni, kama kawaida. Akaja, akachuchumaa, akatazama. Nyapara akatoa mchanga mwingine mdomoni, akautema mbele ya macho yake.

"Ananibomolea?"

"Anachimba tu, Baba. Ndiyo tabia yao."

Akasogeza uso karibu na kioo. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa, kumbe anacheka. "Miaka yote hii nafukuza vibarua kwa sababu ya misingi mibovu. Leo mimi, mimi mwenyewe, najenga juu ya mchanga!" Akacheka mpaka Mama akasimamisha cherehani.

Hapo hapo akataka kuanza upya. Mawe yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini, na vipande vya raba katikati ili kioo kisipasuke, mchanga uje baadaye. "Na nafasi," nikamwambia, "waachie nafasi." Akanitazama kama nimetukana, lakini akakubali. Tulimtoa Mama Kimya kwa bakuli, polepole asije akatema, tukamweka kwenye ndoo.

Shemeji aliingia Baba akiwa na mkono tangini mpaka begani.

"Eh, Baba! Bado tu?"

"Kaa, mkwe wangu. Unafika wakati mzuri."

Mawe ya chini yalikuwa yamekaa. Lilibaki moja bapa, zito, la kuezeka juu ya mawili liwe kama kizingiti cha juu ya mlango. Baba akalishika kwa mkono wa kulia. Angeweza kutumia wa kushoto. Alichagua wa kulia, kwa sababu Shemeji yupo.

Sisi tuliokuwa mbele ya tangi tuliona. Kioo na maji vinakuza vitu, na mkono ule ulionekana mkubwa kama wa mtu mwingine, unatetemeka, jiwe linagongagonga jiwe, tik, tik, tik. Shemeji akaangalia dari. Nikanyanyuka nikamshikie, Mama akatikisa kichwa: acha.

Baba hakuwa ameona, kwa kuwa kutoka juu maji yalikuwa yanachezacheza. Kisha, kama fundi yeyote, akainama mbele ya kioo ili apime kwa jicho kama jiwe limelala sawa. Akakutana na mkono wake.

Aliutazama muda mrefu. Halafu akalishusha jiwe taratibu mpaka chini, akalilaza lilipofika, akautoa mkono. Maji yakamchuruzika mpaka miguuni.

"Ubao wangu wa jukwaani mpe mtu mwingine," akasema.

"Baba, mimi siku ile nilikuwa natania."

"Mimi sikuwa natania."

 Nilikuwa nimepata nilichokitaka, lakini nilijiona kama nimeporwa. Baba akaanza tena safari zake, dirishani, mlangoni, dirishani.

"Kule kazini, nani umemweka kona ya mashariki?" akamuuliza Shemeji ghafla.

"Yule tunayemwita Ngamia."

"Ngamia! Yule hata timazi hashiki, anakisia!"

"Basi njoo umkaripie," Shemeji akasema. "Lakini ukiwa chini, Baba. Miguu ardhini."

"Chini," Baba akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Shemeji alipoaga, akamfuata nje bila viatu, na sauti yake tuliisikia mpaka barabarani, Ngamia hivi, kona vile.

"Kamwite," Mama akasema, "ataungua nyayo."

Sikwenda. Nilikunja mkono wa gauni, nikaliezeka lile jiwe bapa mwenyewe, kombokombo kidogo, nikaenda kumchukua Mama Kimya ndooni.