Majembe Aliyoyaita Daphrose

Daphrose hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikulia Buyenzi kule Bujumbura, ambako mtu akikukanyaga unamwambia papo hapo, na alipohamia Kigali, chini kabisa ya bonde la Kimisagara, ulimi wake alikuja nao pamoja na masufuria. Huku bondeni alipenda kitu kimoja: chemchemi iliyokuwa nyuma ya gereji. Kila kiangazi bomba lilikata, na bonde zima likaenda pale na majerikeni. Chemchemi ile haikuwahi kumnyima mtu.

Kisha gereji ikaanza kumwaga oili chafu juu yake. Daphrose akachachamaa. Alimfuata Kamanzi, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, kanisani, sokoni, hadi kwenye harusi ya watu, bwana wa watu akiwa na sahani mkononi.

"Tupe umuganda mmoja tu pale," alimwambia. "Jumamosi moja ya kazi ya pamoja, tutoe matope, tujenge kiukuta, oili isiingie."

Kamanzi alicheka, akasema tutaona. Tutaona ya wakubwa, si unaijua.

Siku moja akaja mwenyewe kubisha hodi kwa Daphrose. "Mama Liliane, umeshinda. Umuganda wa mwezi huu uko kwenye maji yako. Lete watu, na majembe mengi."

Weee, furaha yake! Alipita nyumba kwa nyumba. Aliwasuta wavivu, akawatania wenye vitambi, kisha akamwambia Illuminée, jirani yake aliyekua naye Buyenzi, "Usipokuja, maji ya maharage yako utayatafuta mto Nyabarongo!"

Jumamosi watu walifurika. Hata wale ambao kila umuganda huumwa tumbo walikuja, kwa ajili yake. Walimkuta Kamanzi amekwisha kuchora mstari wa chokaa, kutoka kwenye jicho la maji hadi mtaro mkubwa wa barabarani. Akasema wachimbe hapo. Wakachimba.

Daphrose alikuwa ameinama akizoa matope kwa mikono, anaimba, alipoona maji yanamkimbia. Aliinuka.

"Kamanzi, ukuta uko wapi?"

"Ukuta gani, mama? Mwenye gereji amekinunua kiwanja. Anapanua. Lazima pakauke kwanza."

"Acheni!" alipiga kelele. "Jamani, acheni, wanatumaliza!"

Waliacha kidogo. Wakamtazama Kamanzi, wakamtazama yeye. Illuminée alijifuta jasho, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, si ni wewe umetuita?" Akainua jembe lake, na wengine wakainua yao. Nani atabaki amekunja mikono mbele ya mkuu wa mudugudu? Daphrose aliingia mtaroni akakaa kwenye tope. Basi wakachimba wakimzunguka, kwa heshima kabisa, wakiangalia wasimkate miguu.

Kwenye mkutano wa baada ya kazi Kamanzi alimsimamisha mbele ya wote, akamshukuru kwa kuleta watu wengi kuliko siku yoyote. Wakampigia makofi. Makofi, jamani! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Wale waliompigia makofi ni wale wale aliowagongea milango, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya naye.

Kiangazi kilipofika, pale palikuwa pamekwisha kumwagwa zege, na bomba likakata kama kawaida yake. Illuminée alikuja na jerikeni tupu, akasimama mlangoni.

"Wewe na umuganda wako," alisema. "Sasa tunakunywa nini?"

Daphrose alifungua mdomo. Angeweza kumtaja Kamanzi, angeweza kumtaja mwenye gereji, angeweza hata kumkumbusha lile jembe aliloliinua. Lakini mlango wa Illuminée aliugonga nani? Mtoto wa Buyenzi, na ulimi wake wote ule, akafumba mdomo, akachukua jerikeni yake, wakapanda mlima kwenda kuomba maji kwa watu.