Baragumu Siku ya Mtihani

Godlisten alisimama kwenye kikao cha wazazi akaomba shule ifungwe Siku ya Baragumu, na wazazi wenzake wakamcheka.

Ni mchomeleaji wa mageti hapa Gongo la Mboto, Mchaga wa Machame, mpole hata kwa wanaomdhulumu. Yeye na wenzake wachache wanasali Jumamosi kwenye kibanda cha mabati, na wanashika sikukuu zile za Mambo ya Walawi, ambazo Wayahudi wanazishika mpaka leo: mikate isiyotiwa chachu, Baragumu, Upatanisho, Vibanda. Siku hizo hawashiki kazi, wala watoto wao hawaendi shule. Miaka yote tulikuwa tukifumba macho. Mwaka huu Baragumu iliangukia wiki ya mtihani wa taifa wa darasa la saba, na binti yake Gladness alikuwa darasani kwangu.

"Kwani wewe Myahudi?" mzazi mmoja akamuuliza.

"Mie Mchaga," akajibu. "Lakini imeandikwa ni sikukuu za Bwana. Idi mnafungaga, Krismasi mnafungaga. Sie tunaomba siku moja tu."

Mwalimu mkuu, Theonest, alimjibu kwamba serikali haina dini. Tukimfungia kila mwenye sikukuu yake, alisema, watoto watasoma lini? Halafu mtihani haupangwi na shule. Maneno yake yalikuwa ya haki, siwezi kumsingizia. Kilichonikera ni vicheko. Mke wangu ananiita jiko la mchina kwa jinsi ninavyolipuka, na siku hiyo nililipuka kweli. Niliwaambia kwamba sisi Waislamu wa pwani hii tunagombana juu ya mwezi kila mwaka, huyu anafunga leo, yule kesho, na hakuna anayetucheka kikaoni. Vicheko vikakoma, lakini hawakubadilika.

Nilimfuata Godlisten nje.

"Baba Gladness, siku yenyewe ni lini hasa?"

"Inategemea mwezi, mwalimu. Sie hatufuati kalenda. Ukiandama Jumatano jioni, Baragumu ni Alhamisi. Usipoonekana, ni Ijumaa."

Mtihani ulikuwa Jumatano na Alhamisi. Nikaona pana upenyo. Jumatano mtoto angefanya bila tatizo. Alhamisi ilikuwa mikononi mwa mwezi.

Nimefundisha watoto wengi wenye akili, lakini Gladness alikuwa na kitu kingine. Ukikosea ubaoni anasubiri wenzake watoke, ndipo anakuja kukuambia, kwa adabu, kama anakusaidia kubeba mzigo. Alitaka kwenda shule ya bweni ya wasichana akasome sayansi. Shule ya kulipia baba yake asingeiweza hata kwa kuota. Mtihani huu ndio ulikuwa mlango wake, na hakukuwa na mwingine.

Jumatano alitoka kwenye mtihani anacheka. Siku za mtihani sisi walimu wa shule haturuhusiwi kuingia, na madarasa ya chini yote hupumzishwa. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara dukani kwa Munira.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Vipi Hisabati?"

"Nimemaliza mapema, nikarudia yote." Kisha akatazama juu. "Kuna mawingu, eh?"

Magharibi ilipofika nilitoka uani nikatazama upande wa vilima vya Pugu. Maisha yangu yote nimesimama pale nikiomba mwezi uonekane ili kesho iwe Idi. Siku hiyo nilimwomba Mungu aucheleweshe mwezi wake, na sikuona haya kuomba hivyo. Mawingu yalikuwa mazito. Nikala chakula changu kwa raha.

Asubuhi watoto waliingia kwenye mtihani, Gladness hayumo. Nilikwenda kwa Godlisten mbio na umri wangu huu. Nilimkuta amevaa shati jeupe, karakana imefungwa, mtoto amekaa ndani na gauni lake la ibada, macho yamevimba.

"Mbona mwezi haukuonekana?"

"Huku haukuonekana. Ndugu zetu wa Singida walipiga simu jana, wameuona."

"Singida? Na wewe unafuata mwezi wa Singida?"

"Mwezi ni mmoja, mwalimu. Nyie si ndio mnaosemaga hivyo?"

Alinikamata hapo. Mimi na ndugu zangu tumeshanyimana salamu kwa neno hilohilo. Nilimsihi, nikamfokea, nikamwambia Mungu hana ugomvi na Sayansi ya darasa la saba. Hakunijibu vibaya. "Ingekuwa ni mie wa kuamua," alisema, "ningekwishampeleka." Mtihani ulianza tukiwa tunabishana. Sikuwa na la kufanya ila kurudi nyumbani, na nilikuwa na uchungu kama wa msiba.

Ijumaa asubuhi niliwakuta mlangoni pa ofisi. Gladness amevaa sare, kaipiga pasi, penseli mkononi. Baba yake alikuwa na nguo za kazi.

"Singida wamepiga tena," Godlisten alisema. "Yule kijana aliyeuona hakuwa na hakika. Mwezi umeandama jana jioni, mie mwenyewe nimeuona, mwembamba kabisa. Baragumu ni leo."

Sikuelewa. "Kama ni leo, mbona umemleta?"

"Nimeiacha. Nimewaambia wenzangu mie leo namtetea mwanangu. Najua mtihani ulikuwa jana, mwalimu. Naomba tu uwaulize. Wamkalishe peke yake, hata stoo. Hajaongea na mtu yeyote, maswali hayajui."

Nilimpeleka kwa Theonest nikijua jibu. Theonest, namsifu kwa hilo, alipiga simu mbele yetu, akapiga na nyingine. Bahasha zilikwishaondoka chini ya ulinzi. Hakuna karatasi ya mtu mmoja. Alimweleza Godlisten polepole, na hakuna aliyecheka.

Godlisten alitoka akakaa kwenye ngazi ya darasa la saba. Gladness akachuchumaa mbele yake.

"Baba, twende ibadani. Sikukuu haijaisha, mpaka jua lizame."

"Nenda wewe. Mie nimeshaivunja."

"Nitakwendaje peke yangu?"

Mtoto akakaa naye, na sare yake ile ya pasi, wakatazama uwanja ambamo wenzake walikuwa wanakimbizana, wamemaliza, wanangoja tu maisha yao. Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo, na kila nililolifikiria lilikuwa uongo.

Adhuhuri ilipokaribia bado walikuwa pale. Nilikuwa nimesimama dirishani, siwezi kutoka kwa kuwa lazima niwapite. Theonest akaja akanigusa bega, kama anavyofanya kila Ijumaa.

"Mwalimu Mwishehe, acha hizo kazi, watoto nitawaangalia mie," alisema. "Wahi msikitini, usije ukakosa swala."