Huzuni ya Fidla ya Pili

Saa mbili na nusu asubuhi wanamuziki wa okestra walipanga foleni kwenye chumba cha makoti. Walivua makoti, kisha wakavua hisia zao. Mzee wa makoti alizitundika kwenye misumari na kumpa kila mmoja kadi. Utaratibu huo uliletwa na mtunzi wao, waliyemwita Rula, kwa sababu alitaka muziki wake upigwe ulivyoandikwa, bila mtu kuutia chumvi.

Hisia nyingi zilikuwa nyepesi kama leso. Huzuni ya dada aliyepiga fidla ya pili ilining'inia mpaka sakafuni, ikichuruzika maji. Mama yake alikuwa amefariki juzi.

"Mazishi ni kesho saa nne," alimwambia Rula kwa sauti kavu, maana huzuni ilikuwa msumarini. "Naomba ruhusa."

"Kesho saa nne tuna mazoezi."

"Ni mama yangu."

"Muziki wa kisasa hauna mama," alisema Rula. "Una namba. Kaa."

Akakaa. Siku hiyo alipiga vizuri mno, na Rula akamsifu.

Jioni ilionekana kwamba asubuhi mzee wa makoti alikuwa amechanganya kadi, akagawa hisia kwa kukadiria. Aliona huzuni kubwa namna ile haiwezi kuwa ya mtu mwembamba, akamvisha mpiga ngoma, jitu la kilo mia na ishirini. Dada akapewa furaha ya mpiga ngoma, ambaye timu yake ilikuwa imeshinda mabao matatu. Akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake mpiga ngoma hakuonekana mazoezini. Alikuwa makaburini, akimlilia mama asiyewahi kumwona. Shangazi mmoja aliuliza, "Huyu naye ni wa nani?"

"Muache, masikini baba wa watu," alijibu mwenzake. "Anatushinda sote kulia."

Alirudi saa nane, magoti yamejaa udongo, akaikabidhi huzuni kwa mzee wa makoti na kuingia ukumbini. Dada wa fidla alimsogelea.

"Kaka, nililia?"

"Sana, dada yangu. Walinishika watu wanne."

"Nilimwambia nini?"

"Ulimwomba radhi kwamba una mazoezi."

Dada akaitikia kwa kichwa. Rula akagonga meza, akawakumbusha kwamba wanapoanzia pana kimya cha mapigo saba, na kimya hicho si cha kufikiria chochote, ni cha kuhesabu tu.

Dada akahesabu. Hakukosea hata pigo moja.