Kizazi cha Tatu

Kazi yangu ni kutafuta makosa kwenye Biblia. Nasema hivyo makusudi, anayetaka kukasirika akasirike mapema tuendelee. Kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, kila karatasi ya majaribio husomwa na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kalamu nyekundu. Msomaji hutamka kila kilichoandikwa, mkato, nukta, hata zile herufi ndogo zinazompeleka mtu kwenye marejeo ya pembeni. Akikwama, anarudi mwanzo wa sura. Ndiyo sheria, na haijali cheo wala mvi.

Msomaji wangu kwa miaka kumi na tisa ni mzee wa kanisa langu. Tunamwita Mzee Sauti, maana akisoma hata madirisha yanasikiliza. Mimi wananiita Mama Nukta, na sihitaji kueleza kwa nini. Tunagawana meza, taa na chupa ya chai. Lakini Jumatatu hiyo nilimsalimu kwa ncha ya ulimi tu.

Jana yake, mbele ya baraza la kanisa, alikuwa amempinga binti yangu asifundishe watoto wa shule ya Jumapili. Binti yangu ana miaka ishirini na sita, ni mwalimu wa chekechea, watoto wanamganda kama vifaranga. Mzee Sauti hakumtaja kwa baya lolote. Alinyoosha vidole vitatu: babu, mama, binti.

"Amri imesema, mpaka kizazi cha tatu na cha nne," akasema, na baraza likaahirisha kura kwa wiki moja.

Babu huyo ni baba yangu. Mwaka ule mbaya, kanisa lilipopigwa marufuku, aliwapa askari majina ya waliokuwa wakisali mafichoni. Kaka yake Mzee Sauti alikuwa wa nne kwenye orodha. Alichukuliwa na hakurudi. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nilipokua wakaninyima kwaya, wakaninyima kusoma mbele ya watu, nami nikanyamaza nikidhani ni adabu. Haikuwa adabu, ilikuwa woga. Ila kwa mwanangu, hapana. Hapo hata simba jike haombi ruhusa.

Wiki hiyo tulikuwa tunakagua marejeo. Tulipofika Kutoka ishirini, kwenye ile amri ya vizazi, pembeni palikuwa na marejeo matatu, yote yakienda mahali ambapo onyo lilelile linarudiwa. Nikaandika la nne kwa wino mwekundu: Ezekieli kumi na nane.

"Hilo halikuwemo kwenye chapa ya zamani," Mzee Sauti akasema.

"Najua. Nimeliweka mimi."

"Mama Nukta, usilete mambo ya baraza hapa mezani."

"Wewe ndiye uliyepeleka ya mezani kwenye baraza. Haya, soma. Rejeo jipya halipiti mpaka sura nzima isomwe, au leo sheria imekufa?"

Akavaa miwani kwa hasira. Akaanza vizuri, na methali ya Waisraeli ya baba kula zabibu mbichi na watoto kuumia meno, na Mungu akiapa kwamba hawataitumia tena. Akafika aya ya ishirini, pale nabii anaposema wazi kwamba mwana hatabeba uovu wa baba yake. Sauti ikakatika.

"Mwanzo wa sura," nikasema.

Akarudi. Akakwama palepale. Nikamrudisha tena, na sikumwonea huruma hata kidogo. Mara ya tatu akapita, nukta na mikato yote, kisha akaitupa karatasi mezani.

"Neno la Mungu halijibizani."

"Linajibizana, mzee wangu, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Watu wale walikuwa uhamishoni, kila aliyeulizwa anasema tunalipia ya baba zetu. Nabii akaichukua ile kauli ya zamani akaisimamisha mbele yao, akaisema upya. Kama yeye aliweza, kwa nini mimi nisiweke hata herufi moja pembeni?"

"Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Hiyo haimo humu. Iliyomo ni ya zabibu, na imekatazwa."

Akavua miwani. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Na kaka yangu? Nimwandike pembeni?"

Iliniuma. "Mwandike katikati ya ukurasa," nikasema. "Ila mbele yake weka jina la baba yangu. Usiweke la mwanangu."

"Na huko Ezekieli, utawarudisha watu huku Kutoka?"

"Ndiyo. Sifuti chochote. Anayesoma hii akutane na ile."

Akaisaini karatasi. "Kusaini si kupiga kura," akanikumbusha, na tukanywa chai kila mtu ameangalia kwake.

Jumapili, baada ya ibada, mwenyekiti wa baraza, mpima ardhi mstaafu asiyeruka hatua hata moja, akamwambia Mzee Sauti asome andiko lake. Mzee akafungua Biblia yake kuukuu, akasoma kwa sauti ya kazini. "Mkato," akasema. Vijana wakacheka. Akaendelea na mikato yake mpaka vizazi, mpaka mwisho, kisha akatamka: "Herufi ndogo d. Tazama Ezekieli kumi na nane."

Kwenye Biblia ile herufi hiyo haimo. Mpaka leo sijui kama ulimi uliteleza kwa mazoea, na sina mpango wa kuuliza.

"Kama kuna rejeo, lisomwe," mwenyekiti akasema.

Akasoma sura nzima bila kukwama.

Alipoketi, nikasimama. Hasira ilinishika wima. "Baba yangu aliwauza ndugu zenu," nikasema. "Alikosa, na nimechelewa miaka hamsini kulisema. Sasa anayelijua kosa la binti yangu, alilolitenda yeye kwa mikono yake, asimame alitaje."

Hakuna aliyesimama. Binti yangu alikuwa ameketi mbele, kichwa juu, hajamwomba mtu yeyote msamaha.

"Wanaopinga wanyooshe mikono," mwenyekiti akasema.

Nikamkazia macho Mzee Sauti bila aibu. Alikuwa ameishika Biblia kwa mikono yote miwili, na hakuiachia mpaka hesabu ilipokwisha.