Mguu wa Shigela

Saa moja kasoro asubuhi, siku ya Ijumaa, bafuni kwake Buhongwa, Shigela alivuta govi nyuma ili anawe, na halikurudi mbele.

Lilikuwa limeanza kubana tangu kiangazi. Kabla ya hapo halikuwahi kumsumbua, na sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Ukingo ulikuwa na weupe na umepasukapasuka. Alidhani ni sabuni. Asubuhi hiyo alivuta kwa nguvu, ngozi ikajikaza nyuma ya kichwa cha uume kama pete. Alijaribu kuirudisha, maumivu yakamshinda. Akavaa suruali pana, akaenda gereji.

Alitengeneza pikipiki pamoja na Yeremia, mtu wa Tarime, ambaye utani wake kwa Wasukuma kama Shigela ulikuwa mmoja tu: tohara, kwamba kwao hawaifanyi. Shigela alishamwambia kwamba yeye alitahiriwa akiwa shuleni. Haikuwa kweli.

"Leo unatembea kama bata, bwana. Uliipanda pikipiki au yenyewe ndiyo ilikupanda?"

"Mguu umevimba."

"Upi? Naona yote miwili imegombana."

Kufikia mchana uvimbe ulikuwa umeongezeka. Shigela alivuka barabara hadi duka la dawa la Bi Minaz.

"Nimevimba," alisema.

"Wapi?"

Nyuma yake walisimama wateja wawili.

"Chini."

"Mguuni?"

"Ndiyo."

Bi Minaz alimpa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu, akamwambia auinue mguu akilala. Kwa mguu, ushauri ulikuwa sahihi.

Alasiri mkewe, Sabina, alimkuta kitandani amejifunga kanga, dawa ya kuchua ikiwa haijafunguliwa.

"Unaumwa mguu, umefunika kiuno?"

Akamweleza. Sabina hakucheka.

"Tangu asubuhi? Vaa, twende."

"Tusubiri giza. Yeremia yuko pale njiani."

"Kwani mimi nimeolewa na Yeremia?"

Katika kituo cha afya walikaa foleni, kisha wakaingia kwa tabibu Revocatus.

"Tatizo ni nini?"

"Mguu, daktari."

"Govi," alisema Sabina. "Limekwama nyuma tangu asubuhi."

Revocatus alisimama. "Hili halisubiri foleni. Mngesema mapokezi. Likikaa hivi damu haipiti vizuri, na nyama inaweza kufa."

Alipaka dawa ya ganzi, akazungushia kitambaa, akaminya kwa kiganja bila kuachia mpaka uvimbe ukapungua. Kisha alisukuma kichwa kwa vidole gumba huku akivuta ngozi mbele. Shigela alishika ukingo wa kitanda. Govi lilirudi.

"Lingekataa, ningelichana. Lilibana tangu utotoni?"

"Hapana. Mwaka huu tu."

"Maji unakunywa sana?"

"Ni joto la gereji."

"Usiku haishi kwenda chooni," alisema Sabina.

Revocatus alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Kilisoma kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya kawaida.

"Ngozi ikianza kubana ukubwani, ina sababu. Sukari ikizidi, fangasi hushamiri, ngozi hupasuka, hupona kwa kovu, kovu hukaza. Tutashusha sukari kwanza, halafu tuzungumze tohara. Na usilivute tena kwa nguvu."

Sabina aliuliza kuhusu mtoto wao, Mayala, mwenye miaka mitatu. Lake halijawahi kufunguka. Mama mkwe alimwagiza alivute kila akimwogesha.

"Acha kabisa. Kwa umri wake ndivyo lilivyo, litaachia lenyewe polepole. Kuvuta ndiko kunakoleta makovu. Osha kwa nje tu. Mlete akikojoa kwa shida au kwa kulia, likiwa jekundu, likivimba au likitoa usaha. Likikwama nyuma, mlete saa hiyohiyo."

Jumatatu Shigela alirudi kituoni bila kula, apimwe tena. Yeremia ndiye aliyempeleka kwa pikipiki, akaingia naye hadi dirisha la mapokezi.

"Tatizo?" aliuliza muuguzi.

"Ni mguu wake, dada," Yeremia alimjibia.

"Govi," alisema Shigela. "Govi na sukari."