Wazee Walipokwenda Jela

"Basi sema wazi kwamba umenifanya mwongo!" Mahamud alikiweka kikombe mezani kwa kishindo, chai ikaruka.

"Sijakuita mwongo. Nimesema mmepumbazwa," Fardowsa alimjibu. "Wazee watatu wazima, makoti yamepigwa pasi, mnaandaliwa chai na biskuti jela, mnarudi mkichekacheka kama waliotoka harusini!"

"Naibu mkuu wa jela alinipa mkono."

"Na mkono wa mwanangu je?"

Mahamud alikuwa kaka yake mkubwa, na tangu walipokuwa Eastleigh hadi walipohamia Handsworth, huku ughaibuni, watu walimwendea kila palipokuwa na ugomvi: ndoa, ajali za magari, vijana waliopigana. Wazee huenda, husikilizwa, hupeana mikono, na jambo hufungwa. Anayelifungua tena huonekana hakulelewa.

Naye Fardowsa ndiye aliyewatuma safari hii. Mwanawe Liban, kinyozi wa Soho Road, alikuwa anatumikia kifungo kwa kupigana, na kwa hilo mama mtu hakumtetea. Alikosa, akafungwa, basi. Lakini siku askari jela walipopekua chumba chake, mmoja alikanyaga mswala wake. Liban aliinama auvute, akasokotwa mkono mpaka ukalia. Kila alipoomba eksirei aliambiwa kesho, na kesho ikazaa kesho, hata mfupa ukaunga kombo. Sasa vidole havishiki mkasi.

Naibu mkuu aliwaahidi wazee kwamba Liban angetibiwa, na askari yule angehamishwa. Mahamud naye akaahidi kwamba familia haitaandika lolote. Askari alihamishiwa bloku ya jirani, akarudi kabla wazee hawajamaliza kujisifu. Daktari wa mifupa hajaonekana mpaka leo.

Asubuhi hiyo Fardowsa alikuwa ametoka kwa wakili, binti anayeitwa Leena, asiyezungusha maneno. Leena alimwambia kwamba kabla ya kushtaki, mfungwa mwenyewe hulalamika kwanza kwa maandishi, humo humo jela, kabla ya miezi mitatu kupita tangu tukio. Asiporidhika na jibu anakata rufaa, kisha anamwendea msuluhishi wa nje anayechunguza malalamiko ya wafungwa. Asipoanza hivyo, hakimu atamuuliza kwa nini aliziruka njia zote akakimbilia mahakamani. Mama hawezi kulalamika kwa niaba yake, wala wazee hawawezi. Na miezi mitatu ya Liban ilikuwa inakwisha kesho.

"Sheria gani hiyo?" alisema Mahamud. "Mtu amevunjwa mkono, halafu aanze kumlalamikia aliyemvunja?"

"Ndiyo ya hapa. Sikuitunga mimi. Hakimu atataka karatasi, kaka. Chai haina nakala."

Simu ililia. Wafungwa wa bloku ya Liban walikuwa na simu vyumbani, na hiyo ndiyo saa yake ya kupiga. Fardowsa alifungua spika.

"Hooyo, habari za nyumbani?" Liban alimsalimu mama yake.

"Nzuri. Umeandika?"

"Bado. Mkono unauma nikishika kalamu. Halafu Abti Mahamud aliwapa neno lake. Nikiandika, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wale watu."

"Usinichanganyie sababu. Ni mkono au ni neno?"

"Ni neno."

Mahamud aliinua kidole kuelekea simu, akanong'ona, "Wanasikiliza hao wa jela."

"Wasikilize! Wakitaka nitasema polepole waandike." Kisha akamgeukia, na sauti yake ikashuka. "Kaka, wazee walitumwa na nani?"

"Na wewe."

"Na mapatano yakivunjwa na upande wa pili, aliyetuma wazee hufanya nini? Wewe ndiwe mjuzi wa mila, niambie."

Basi lilipita nje, vioo vikatetemeka. Mahamud alijifuta chai iliyomrukia mkononi, akamkazia macho dada yake, kisha akayaondoa.

"Huwarudisha wazee wake," alisema.

"Basi rudini. Nimewarudisha, na mwanangu anasikia."

Mahamud aliivuta simu karibu. "Liban. Mama yako ametuita, nasi tumerudi. Sina tena neno kwao. Chukua kalamu."

"Sasa hivi, Abti?"

"Unangoja Idi? Andika yaliyokupata, kama yalivyokupata. Halafu andika kwamba naibu mkuu alimwahidi mjomba wako Mahamud, mbele ya wazee wawili, na hakutimiza. Jina langu liandike lisomeke."

Waliisikia kalamu ikijikokota. Mara nyingine ilisimama, Liban akavuta pumzi, ikaendelea. Fardowsa, ambaye hata birika huliharakisha, alimwacha aandike polepole.

Liban alipomaliza aliwasomea.

"Toa hiyo 'samahani kwa usumbufu'," mama alisema. "Hukumkanyagia mtu kitu. Umetia tarehe? Umetia sahihi?"

"Nimetia. Milango imefunguliwa, watu wanaenda kuchukua chakula. Sanduku la malalamiko liko pale ngazini."

"Nenda. Usikate simu."

Walisikia kandambili zikiondoka, masufuria yakigongana, mtu akicheka mbali. Mahamud alikuwa ameinama juu ya simu kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kandambili zikarudi.

"Hooyo? Imeingia."